Muvi za mabinti wanaojinyima kula: kamera inakaa kwenye mifupa, mezani haifiki

Mama Library (mleta mada):

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi niko Moshi, nina library ya muvi karibu na stendi, tunajaza muvi na sizoni kwenye flashi na simu, wateja wangu wakubwa ni wanafunzi hasa wakifunga shule, kwahiyo najua watoto wa mji huu wanaangalia nini pengine kuliko wazazi wao. Kuna jambo linaniumiza roho muda mrefu nimeona nilete humu maana kuna wazazi, walimu, manesi na nyie watu wa Bongo Muvi.

Kabla sijaenda mbali naomba kitu kimoja na moderator anisaidie kukisimamia: tusitaje kilo za mtu, tusitaje mtu alikuwa anakula kiasi gani, na tusielezee mbinu za kuficha chakula wala za kutapika, hata kama umeziona kwenye muvi. Sababu mtaiona mbele.

Nazungumzia muvi na tamthilia za vijana wenye matatizo ya ulaji. Kuna anoreksia, mtoto anajinyima mpaka mwili unakwisha na bado anajiona mnene. Kuna bulimia, anakula kwa fujo ndani ya muda mfupi halafu anajitapisha au anajiua kwa mazoezi ili kufidia. Na kuna wale wanaokula kupitiliza kwa siri, hawatapiki, wanabaki na aibu tu. Wamarekani wametengeneza drama za haya mambo tangu zamani, ABC walirusha The Best Little Girl in the World mwaka 1981, Jennifer Jason Leigh ndiye binti anayejinyima, na tangu hapo unaweza kusema kila mtu amekopi skripti ile ile. Binti mzuri, anaongoza darasani, anacheza baleti au jimnastiki, mama mkali, baba yuko kazini muda wote, binti anajiangalia kwenye kioo, kamera inashuka mgongoni taratibu ili mifupa ionekane vizuri, anaanguka shuleni mbele za watu, dripu, mama analia koridoni, mwisho anachukua kijiko kimoja muziki unapanda na muvi imeisha. Ukiona tatu umeziona zote.

Iliyoleta kelele zaidi miaka ya karibuni ni To the Bone ya Netflix, 2017, ya binti mwenye anoreksia. Kila likizo lazima binti aje kuiulizia, na mara nyingi haji na wenzake, anakuja peke yake. Nimeiangalia mwenyewe zaidi ya mara moja tena kwa nia njema kabisa, kwa sababu aliyeiandika na kuiongoza, Marti Noxon, aliugua ugonjwa huo ujanani, na staringi wake Lily Collins naye aliugua akiwa binti mdogo. Hawa ni watu wanaojua wanachokisema. Lakini Lily alipunguza mwili ili aigize, mtaalamu wa lishe akimsimamia, na alisimulia mwenyewe kwenye mahojiano kwamba kipindi kile alikutana na mama mmoja wanayefahamiana siku nyingi, yule mama akaanza kumsifia, Lily akamwambia nimepungua kwa ajili ya kazi, mama akasema hapana bwana niambie unafanyaje, umependeza. Jamani! Mtu anajiandaa kuigiza mgonjwa anayekaribia kufa, mtu mzima anamuomba siri ya urembo. Sasa kama mtu mzima aliyesimama naye uso kwa uso ameona urembo, mtoto wa kidato cha pili aliyejifungia chumbani na simu, ambaye tayari anauchukia mwili wake, ataona nini kwenye ile mifupa?

Hapo ndipo penye mtihani. Mzazi akiangalia anaogopa, mtoto aliye salama anaangalia anasikitika, ila mtoto ambaye ugonjwa umeshamgusa haangalii kile tunachoangalia sisi, yeye anaona lengo la kufikia na anaona darasa. Ndio maana shirika la Beat la Uingereza linalosaidia wagonjwa hawa linawaomba waandishi na watengeneza vipindi wasitaje uzito, wasitaje kiasi cha chakula, wasiweke picha za mwili uliokwisha. Kwenye tamthilia ya Skins ya Uingereza, 2007, binti anayeitwa Cassie ana sini nzima anaelezea jinsi anavyowazuga watu mezani. Kipande cha namna hiyo kikikatwa kinatembea mtandaoni chenyewe, hakina mwanzo wa stori wala mwisho wake, na anayekipokea hivyo hapati huzuni yoyote, anapata maelekezo.

Jambo jingine ni chakula chenyewe. Kwenye To the Bone wanakaa nyumba ya matibabu, mezani lazima waje ila asiyetaka kula hali, daktari ambaye ni Keanu Reeves anaongea maneno mazito ya maisha, mwisho binti anaota ndoto na akiamka ameamua kuishi. Ugonjwa huu hauondoki kwa ndoto! Matibabu yanaanza na chakula. Kwa watoto na vijana njia yenye ushahidi mzuri ni ile iliyoanzia hospitali ya Maudsley kule London miaka ya 1980, wazazi wanakabidhiwa milo ya mtoto kwa muda, wanapanga, wanapakua, wanakaa naye mpaka sahani iishe, hata kama ni saa nzima, mlo kwa mlo, mwezi kwa mwezi, huku mtoto analia na kuapa kwamba wanamuua. Nawauliza nyie waandishi wa skripti, kuna drama gani inazidi hiyo? Mama na mtoto na sahani moja. Lakini kwenye muvi hizi mama ndio chanzo cha ugonjwa na akisogea jikoni anaonekana anaharibu zaidi.

Iliyonigusa ni ya Sweden, My Skinny Sister, ya Sanna Lenken, 2015, ilipata tuzo ya Crystal Bear pale tamasha la Berlin upande wa filamu za watoto na vijana. Humo kamera haikai na mgonjwa, inakaa na mdogo wake, Stella, mtoto bado hajafika hata sekondari, anampenda dada yake Katja anayecheza mchezo wa kuteleza kwenye barafu na anatamani angekuwa yeye. Ni Stella anayegundua. Katja akijua amegunduliwa anamtisha, ukisema na mimi natoa siri yako, maana mtoto kampenda kocha wa dada yake kimya kimya. Basi mtoto mdogo kabeba siri inayoweza kumuua ndugu yake, wazazi wako bize, na sisi tunaoangalia tunakaa naye pale pale kwenye ule mzigo. Nililia mwenyewe dukani mteja akaniuliza mama kuna msiba. Muvi ile inakufundisha kuona, na ndicho ninachokitaka.

Sasa huku kwetu, na hapa ndipo nilipokuwa napaendea, mnivumilie. Mtoto wa Kilimanjaro akiugua hivi hatafanana na yule wa kwenye muvi. Fikirieni Desemba watu wamepanda nyumbani, Marangu, Machame, Kibosho, ukoo mzima uko uani, ndafu inakatwa, sufuria la kiburu liko pale, na kuna binti wa miaka 16 hajakaa hata dakika moja. Anagawa sahani, anawanawisha wazee mikono, anarudi jikoni, anachukua mtoto wa shangazi amlishe, anakusanya vyombo, anaosha. Ukimwambia kaa ule anasema mimi nilishaonja jikoni mama. Kila mtu anamsifia, huyu mtoto ana adabu, huyu ataolewa pazuri. Na yule shangazi wa Dar akimuona anamwambia umekuwa kimodo siku hizi, hongera, niambie unatumia ile chai ya kupunguza tumbo? Hakuna kioo hapo, hakuna baleti, wala hakuna aliyeanguka. Na ugonjwa umekaa katikati ya ukoo unapewa hongera.

Nina mteja, simtaji na wala msimtafute, likizo nzima alikuwa anajaza flashi vipindi vya mapishi tu. Keki, pilau, mikate, akimaliza anakuja kuchukua vingine, anavijua kwa majina na anakumbuka kipimo cha unga cha kila kimoja. Nikidhani anataka kusomea mambo ya hoteli. Siku moja mama yake kapita kununua vocha tukaongea, akaniambia kwa furaha kabisa kwamba siku hizi nyumbani anapika yeye kila siku, vyakula vizuri mpaka majirani wanakuja, ila mwenyewe tumbo linamsumbua hali sana. Nilimuangalia yule mama nikakosa usingizi siku ile. Nilimrudia kesho yake tukazungumza vizuri.

Kwahiyo hoja yangu ni hii. Muvi za nje zimetufundisha kutafuta mtoto aliyebaki mifupa mbele ya kioo, na kwa sababu hatumuoni huyo tunasema huku hakuna. Nataka wa kwetu watengeneze drama inayokaa mezani kwetu. Nawasilisha.

Mzee wa Kiboriloni:

Mwanangu Mama Library umeandika vizuri na nimesoma mpaka mwisho, ila kwa heshima zote haya ni mambo ya walioshiba. Sisi tulipiga deshi shuleni kwa kukosa na tukirudi nyumbani tunapigania ukoko. Mtoto wa Kichaga akatae mtori? Huyo apelekwe kwenye maombi au afanye kazi za shamba njaa itamrudi. Mkianza kuwaonyesha watoto muvi za hivi ndio mnawaletea hayo magonjwa.

Mama Library:

Shikamoo mzee wangu, nashukuru umesoma. Hiyo sentensi yako ya mwisho mimi na wewe tuko pamoja, muvi inaweza kuleta, na ndio maana nimeomba tusitaje mbinu. Ila mzee ugonjwa hausubiri muvi inayouzungumzia. Kule visiwa vya Fiji, eneo la Nadroga, TV ilifika 1995. Mtafiti anaitwa Anne Becker wa Harvard alipima wasichana wa sekondari wakati TV ndio imeingia, akarudi 1998 akapima tena wa rika lile lile. Mwaka 1995 hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue, 1998 walikuwa asilimia 11.3. Na walichokuwa wanaangalia ni tamthilia za kawaida za Marekani, za mapenzi na vituko, hakuna aliyewafundisha ugonjwa, waliona tu mastaa wembamba ndio wanafanikiwa. Na Fiji mzee ni watu wa kula, mwili mkubwa kwao ni heshima, mtu akikonda wanampa pole, kama huku kabisa.

Halafu 2007 ulichapishwa utafiti wa wasichana na wanawake wa hapa hapa Tanzania, dalili zilikuwepo, na zilikuwa zaidi kwa waliokuwa karibu na media za nje. Hiyo ni kabla kila mtoto hajawa na simu yenye kamera ya mbele.

Kuhusu njaa itamrudi, mzee wangu, kwa huyu mgonjwa njaa ipo muda wote. Anayo na anaishinda, na kuishinda ndiko kunakompa raha. Ukimnyima chakula umemsaidia ugonjwa.

Matroni wa Bweni:

Nipo Arusha, nimelea mabinti wa bweni miaka mingi, shule siitaji. Mama Library umenigusa pale kwenye binti anayegawa sahani. Kwangu mimi huwa inakuja na funga. Binti anaanza na funga ya Jumatano na Ijumaa pamoja na wenzake wa maombi, nani atamkataza mtoto kufunga na kuomba? Afu inakuwa siku tatu, afu wenzake wamefungua yeye anaendelea, ukimuuliza anakwambia Bwana amemwambia aendelee. Wengine ni mabinti wa Kiislamu, Ramadhani imeisha, sita za Shawwal zimeisha, yeye bado anafunga na daku haamki. Bwaloni anakuja anakaa, wenzake wanamgombania makande yake, na huyo akawa mtu maarufu mezani kwa sababu anagawa. Wa tatu wanasingizia vidonda vya tumbo, hivyo vidonda vya tumbo bwenini ni vingi mno na wengi hawajawahi kupimwa.

Nilimpeleka mmoja kwa uongozi nikaambiwa matroni acha mtoto amtumikie Mungu wake, si afadhali huyo kuliko wanaotoroka. Alikuwa hajaona siku zake tangu muhula uliopita, kwenye assembly anasinzia, mikono ya baridi kama ametoka kushika barafu. Nikampigia mama yake mwenyewe.

Kwahiyo mimi mtu akitengeneza muvi, asifanye dini ndio adui. Mtoto yule anamuamini Mungu kweli. Ugonjwa umejificha nyuma ya kitu kizuri anachokipenda, na mwenye kumsaidia mara nyingi ni kiongozi wake wa dini akimwambia kwa upole mwanangu wewe huruhusiwi kufunga, wewe ni mgonjwa, na mgonjwa amesamehewa.

Nesi Zamu ya Usiku:

Matroni ulichoandika kimeandikwa na wataalamu Ghana. British Journal of Psychiatry, 2004, walipima wanafunzi wasichana 668 wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana, wakapata 10 waliokonda kwa kujinyima wenyewe, hakuna ugonjwa mwingine. Na walipoongea nao wasichana hawakuzungumzia unene wala urembo, walizungumzia kufunga, dini na kujitawala. Daktari anayesubiri kusikia naogopa kunenepa hao wote anawarudisha nyumbani.

Kuhusu yule binti wa mapishi. Mwaka 1944 mpaka 1945 kule Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36, wazima kabisa, waliojitolea, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita ili ajue jinsi ya kuwasaidia watu walioathirika na njaa ya vita. Wale wanaume walianza kusoma vitabu vya mapishi, kukusanya risipe, kuota chakula, wakawa wakali, wakajitenga, mlo mmoja anauchezea masaa. Hawakuwa na shida ya kichwa kabla. Yani ubongo wenye njaa ndio unafanya hivyo. Kwahiyo mtoto anayepikia nyumba nzima na hali, tafadhali usimsifie ukaishia hapo.

Na nyie mnaosubiri mpaka akonde, wengi wenye matatizo ya ulaji wana mwili wa kawaida ukiwaangalia, hata wanene wapo. Mwenye bulimia anaweza kuwa na mwili wa wastani kabisa na madini ya potasiamu kwenye damu yameshuka mpaka moyo unapoteza mapigo yake. Meno yanalika, anazimia, mashavu yanavimba chini ya masikio watu wanasema amenawiri. Anoreksia ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Muvi ingeonyesha hilo, mtoto anayecheka na wenzake asubuhi na kila mtu anamuona mzima, ingetusaidia sana hata sisi huku wodini.

Chalii wa Sakina:

Wadau mbona wote mnasema binti? Mimi ni chalii, nilikuwa nakimbia, mnaijua Arusha asubuhi saa kumi na moja barabarani tumejaa. Kocha mmoja alikuwa anatupanga mstari anatushika mbavu, mwepesi ndio anashinda, ukila chipsi unasikia mbele ya wenzako bonge huyo anakuja. Nilianza kujinyima nikawa kweli nakimbia vizuri kama miezi miwili mitatu, nasifiwa, afu mguu ukaanza kuuma mfupani, ukapasuka bila kuanguka wala kugongwa. Daktari kaniuliza unakula nini nikamdanganya. Nilipona kwa sababu bibi yangu Ngaramtoni alinichukua akawa anakaa na mimi mlo kwa mlo, haongei sana, anakaa tu hanyanyuki mpaka nimemaliza, kumbe ndio hiyo ya London mnayosema na yeye hajawahi kufika hata Dar.

Muvi ya mvulana mwenye hii kitu sijawahi kuona akiwa staringi. To the Bone yupo Luke, mcheza baleti, ila kapewa kazi ya kumpenda binti. Mkitengeneza ya kwetu mwekeni mkimbiaji.

Mama Library:

Chalii wangu pole sana na Mungu ambariki bibi. Hiyo ya kukaa haongei, hanyanyuki, hiyo ni sini nataka kuiona kwenye skrini kabla sijafa.

Nesi Zamu ya Usiku:

Chalii jambo lako lina jina siku hizi, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu mwaka 2014 kuhusu wanamichezo wanaokula chini ya mahitaji ya mwili, wa kike na wa kiume, mifupa kudhoofika ni mojawapo ya madhara. Mnaojua makocha wapelekeeni.

Kamera Moja:

Heshima kwenu wakubwa. Mimi nafanya short film, tuko kikundi hapa Arusha, kamera moja na taa mbili za kuazima, huu uzi umenikuta na skripti mkononi ya jambo hili hili, binti wa kidato cha tatu. Nisiwafiche nilikuwa nimeshamwambia dada atakayeigiza aanze kupungua mapema tushuti mwezi wa nane, na sini ya kwanza ni mizani inasoma namba. Nimesoma hapa nikaanza kujiuliza. Bila kumpunguza mwigizaji nitaonyeshaje ugonjwa? Watu wataamini?

Mama Library:

Mdogo wangu asante kwa kuuliza kabla hujashuti. Huyo dada mpigie leo hii umwambie ale. Haujui yeye mwenyewe amepitia nini, na kujinyima ni mlango, wapo watu wanaingia kwa ajili ya kazi au harusi na kutoka hawawezi. Staa wa Netflix alikuwa na mtaalamu wa lishe pembeni, wewe una taa mbili za kuazima.

Utaonyeshaje? Nguo. Mvalishe sweta la shule saa nane mchana jua la Aprili limetoka na wenzake wote wamevua. Mikono ikishika kikombe cha chai ya moto bila kunywa, anajipasha tu. Mdogo wake anaomba amalizie sahani yake kwa mazoea, haombi tena, anavuta tu, na mama kaona akadhani ni upendo. Mtoto amepewa hela ya kula shuleni na hela zote ziko kwenye begi zimekunjwa vizuri, mama anazikuta akifua. Hakuna mfupa hata mmoja hapo na mimi mzazi nikiangalia roho itanidunda. Mizani itoe kabisa, ukiona lazima iwepo basi kamera iwe usoni kwa mtu, namba isisomeke.

Na tafadhali usimtafute mchawi kwenye familia. Usimfanye mama ndio mbaya wala baba mlevi ndio sababu. Inakuja pia kwenye nyumba zenye amani, kuna cha kurithi, kuna tabia ya mtoto mwenyewe, kuna maneno ya watu, kuna diet moja tu iliyoanza kwa utani wa kitchen party. Ukimtwisha mama peke yake, mama anayeangalia atazima TV na huyo ndio uliyekuwa unamhitaji.

Mzee wa Kiboriloni:

Nimewasoma wote. Kamera Moja, mimi nina mjukuu wa kike yuko kwangu tangu Pasaka na hayo ya sweta nimeyasoma mara mbili. Nesi, mtu akitaka kumpeleka mtoto anaanzia wapi bila kumtia aibu?

Nesi Zamu ya Usiku:

Mzee shikamoo. Usimuanzie na mwili wala usimwambie umekonda. Mwambie naona mjukuu wangu una baridi, umechoka, sipendi kukuona hivi, twende tukapime wote wawili, na wewe upime presha yako. Mpeleke hospitali, hapo Moshi una Mawenzi na KCMC, waambie mapema kwamba wasiwasi wako ni kula ili wasiishie kumpa dawa za vidonda vya tumbo, waombe wampime damu, potasiamu na mapigo ya moyo, na umuulizie mtu wa afya ya akili. Kama amewahi kuzimia usingoje Jumatatu, nenda leo.

Na kitu kimoja cha hatari ambacho muvi zote zinakosea, Kamera Moja na wewe kiandike. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hapewi sahani kubwa siku moja kwa furaha kwamba amekubali kula. Mwili ukipokea chakula kingi ghafla madini kwenye damu yanashuka na moyo unaweza kusimama, waliotoka kwenye kambi za Vita ya Pili ya Dunia wapo waliokufa wakiwa wameshaokolewa na wanalishwa. Kwa aliyeishiwa sana kunaanza kidogo kidogo hospitali wakipima damu. Kwahiyo ile sini yako ya mwisho ambayo najua ipo, ukoo umekaa, binti anaweka mnofu mkubwa mdomoni wote wanapiga makofi, itoe. Na skripti ikikamilika nitumie pm, nitakutafutia mtu wa afya ya akili aisome kabla hamjaanza kushuti.

Kamera Moja:

Sini ipo kweli, tena ya ndafu. Naitoa. Dada nimeshampigia, na nimembadilisha mhusika mkuu, sasa hivi stori inatembea na yule mdogo wake anayevuta sahani. Nesi nakuja pm. Matroni na wewe naomba nikuulize mambo ya bwalo, foleni inakaaje na nani anasimamia, sitaki nikosee.

Matroni wa Bweni:

Njoo tu mwanangu. Ila sare za shule yoyote ya kweli usizitumie, shoneni zenu.